Kanzu Isiyopata Shingo

Mtu akikwambia anakupenda, mshukuru Mungu, halafu muulize yeye ni nani. Pindo hakuuliza. Aliingia kwenye mapenzi kama mtu anayekimbia mvua, kichwa chini, bila kutazama mlango anaoingia ni wa nani.

Hilo la Pindo si jina alilopewa na wazazi. Wateja ndio waliomwita hivyo, kwa kuwa nguo ikipita mkononi mwake pindo halifumuki, hata nguo yenyewe ichakae mpaka iwe tambara la kupigia deki. Alikuwa akishona na mama yake katika chumba cha mbele cha nyumba yao, vyerehani viwili vikitazamana, meza ya kukatia katikati, pasi dirishani. Ukutani kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa, na mama mtu hakutaka kukibadilisha. Alisema mteja anayejipenda haoni ufa. Baba wa nyumba alishatangulia mbele ya haki. Aliyebaki kusimama mahali pake ni Baba Mdogo, mtu wa msikitini na wa utani, mwenye sauti ya kujaza ukumbi.

Na Spana alikuwa fundi wa vyerehani. Aliitwa siku cherehani cha Pindo kilipoanza kuruka nyuzi, akakifungua, akakisafisha, akakirudisha kikiimba. Baada ya hapo akawa hakauki. Mara amekuja kutazama mkanda, mara kutia mafuta, mara eti amepita barabarani akasikia mlio asioupenda. Siku moja mama mtu akamwambia, "Mwanangu, hicho cherehani sasa kina afya kuliko mimi. Mimi naumwa goti mwaka mzima, hujawahi kuniuliza hali." Spana akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka, na Pindo akainamia mshono wake ili meno yasionekane.

Ubaya wa Spana haukuwepo. Mpole, msafi, mikono yake inanukia mafuta ya mashine na sabuni. Alikuwa Mkristo, mtoto wa pekee wa mama mjane ambaye kwaya ya kanisani kwao haianzi wimbo mpaka yeye amekohoa.

Kwa akina Pindo jambo lilikuwa wazi kama mchana: binti wa Kiislamu haolewi na asiye Mwislamu. Baba Mdogo alilisema hilo bila kugomba, kama mtu anayekuonyesha ukuta usije ukaugonga gizani. Pindo naye hakubisha. Dini yake hakuivaa kwa kuogopa watu, aliijua tangu magotini mwa baba yake, na alipoinuka alfajiri kuswali hakuna aliyemwamsha. Lakini alikonda. Mama mtu akawa anampunguzia magauni kiunoni kimyakimya, bila kumwambia.

Ndipo Spana alipokuja mwenyewe, akakaa mbele ya Baba Mdogo, akasema atasilimu. Hakuna aliyemshurutisha, alisema, ameutafuta ukweli na ameuona. Baba Mdogo alimkumbatia mpaka kofia ikamtoka. Jua halijazama, msikiti mzima ulishajua kwamba Ijumaa kuna kijana atatamka shahada, na kwamba nyuma yake inakuja harusi. Pindo alipoambiwa alikwenda uani, akajifuta uso kwa upande wa mtandio wake, akarudi kushona suruali ya mtu kama hakuna lililotokea. Suruali ile ilitoka na mguu mmoja mrefu.

Kitambaa cha kanzu alikinunua yeye mwenyewe, cheupe, chepesi, kinachotii kidole. Na siku ya kupima, mama yake alikuwa kwenye pasi, Baba Mdogo amekaa kitini kama shahidi wa serikali.

Duka lile lilikuwa na utaratibu wake. Mwanamume hashikwi. Yeye mwenyewe anashika mwanzo wa utepe pale anapoambiwa, fundi anashika mwisho, anasoma namba. Na hakuna kukisia. Hata mteja aape kwamba vipimo vyake ni vilevile vya mwaka jana, anapimwa upya, kwa sababu mwili hauna ahadi.

"Shika begani," Pindo akasema.

"Hapa?"

"Juu kidogo. Hapo."

Utepe ukatandazwa kati yao. Ukitazama ulikuwa utepe tu, wa njano, umefutika namba pembeni. Lakini Pindo alihisi kila Spana akipumua mwisho ule unamtetemeka vidoleni, na alisoma namba ya mkono mara mbili kwa sababu mara ya kwanza alikuwa amesoma macho. Baba Mdogo akawa anachombeza. "Usivute tumbo, bwana harusi. Hilo tumbo ndilo tunaloliozesha, likirudi baada ya ndoa tutasema tulidanganywa."

Kifua, mkono, urefu. Ikabaki shingo. Mama yake alizoea kusema kwamba kanzu ni shingo, huko chini ni kitambaa tu kinachofuata. Shingo ikikosewa, mtu anaonekana ameazima.

"Fungua vifungo vya juu, upitishe utepe shingoni."

Spana akatabasamu. "Shingo yangu ya kawaida tu. Weka ya kawaida."

"Hapa hatuna shingo ya kawaida. Fungua."

Akafungua kifungo kimoja. Akasita, akafungua cha pili, na mkono ukabaki palepale umefunika. Lakini Pindo alikuwa ameshaona. Uzi mweusi ulipita nyuma ya shingo ukashuka ndani ya fulana, na chini ya fulana, penye kifua, kulikuwa na umbo dogo la msalaba, kama kidole kinachoonyesha. Macho yao yakakutana. Ya Spana yalikuwa yanaomba. Baba Mdogo alikuwa anahadithia jinsi imamu alivyofurahi.

Pindo akaukunja utepe taratibu, akauzungushia mkononi.

"Inatosha," akasema. "Shingo nitaikisia."

Kwenye pasi, mama yake akainua uso. Akairudisha pasi juu ya nguo iliyokwisha nyooka.

Siku ile Pindo alijipa sababu kama mama anayemtetea mtoto mkorofi. Huenda ni wa marehemu baba yake, alijiambia, na kumbukumbu si ibada. Huenda atauvua hiyo hiyo Ijumaa. Mtu ukipenda unakuwa wakili, na wakili wa mapenzi hakosi hoja. Basi akakata kitambaa. Akakata mikono, akakata ubavu, akaweka chaki chini alipofika shingoni.

Kesho yake, bado hata hajafagia vipande, mama yake Spana akaingia dukani. Alikuja amependeza, ameshikilia mfuko, na tabasamu lake lilitangulia mlangoni kabla yake. Mama Spana hakuwa mgeni pale, majoho ya kwaya yao yalishonwa juu ya meza ile ile iliyoshonewa kanzu za waumini, na hakuna aliyewahi kuona ajabu. Akamsalimu mama Pindo, wakapeana pole za magoti, kisha akatoa kitambaa cha bluu.

"Mkwe wangu, hiki kimebaki kwenye vile vya kwaya," akasema. "Nikasema, kwa nini kikae kabatini? Jishonee chako."

"Changu, mama?"

"Joho lako. Usiogope, sina haraka. Mwenzako ameniambia mtafunga ndoa ya serikali, kila mtu na yake, halafu taratibu wewe utakuja kwetu kanisani. Nikamwambia aje akiwa tayari. Mungu hana haraka." Akashusha sauti kwa furaha. "Una sauti nzuri. Nimekusikia ukiimba kwenye cherehani."

Cherehani cha mama kikasimama katikati ya mshono. Meza ile moja ilikuwa imebeba kanzu nyeupe ya Spana upande huu na joho la bluu la Pindo upande ule. Pindo alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Lakini hasira yake haikumwelekea yule mama. Aliyaona macho yale yasiyo na hila, akaona wote wawili wamekalishwa kwenye kiti kimoja kibovu.

Akakikunja kile kitambaa kwa adabu, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Mama, kitambaa ni kizuri. Kaa nacho kwanza. Mimi sikati nguo ambayo sijajua ataivaa nani."

Mama Spana hakuwa mtoto. Tabasamu lilimwondoka polepole, na kilichobaki usoni kilikuwa heshima ya mtu mzima. "Kuna jambo?"

"Atakwambia mwenyewe. Si langu la kusema."

Yule mama akakitia kitambaa mfukoni. Akasema, "Mimi sikuzaa mtoto wa kujificha nyuma ya sketi ya mwanamke," akachukua mfuko wake, akatoka amenyooka kama alivyoingia.

Spana aliitwa, akaja mchana, na mkoba wake wa vifaa. Mama Pindo akahamia chumba cha ndani akaacha mlango wazi, ili yasemwe yanayosemwa na yasifanyike yasiyofanyika. Pindo akamweleza kwa kifupi aliyekuja na alichokileta. Spana akakaa juu ya stuli ya wateja, akaanza kuchezea bisibisi.

Hakukana. Alisema alitaka kila mtu apumue. Mama yake ana shinikizo la damu, Baba Mdogo ana moto wa dini, na yeye katikati alikuwa anaona watu wawili wazuri wanaokaribia kuumia. Akamwambia kila mmoja neno lake la kumtuliza.

"Na mimi uliniambia lipi?" Pindo akauliza.

"Wewe nilikwambia nakupenda. Hilo ni kweli."

"Hilo najua. La Ijumaa je?"

Akaiweka bisibisi chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba maneno ni maneno tu, angeyatamka, na moyoni Mungu anajua. Na wala hayo yote yasingedumu. Tayari alikuwa amezungumza na dada yake Pindo, yule anayeishi ng'ambo. Wakishaoana wataondoka, na kule kwa wazungu hakuna baba mdogo wala kwaya. Kule hakuna anayekuuliza unasali wapi.

Kwa hiyo ahadi zilikuwa tatu. Pindo alichukua simu palepale, akampigia dada yake, akaiweka mezani juu ya kanzu.

Uso wa dada ukajitokeza, amefurahi, nyuma yake dirisha kubwa na mwanga wa baridi. Akaanza kumwaga mipango. Mtaingia ofisini, mtatia sahihi, mtatoka mume na mke, hakuna wa kuwakodolea macho. Huku watu wameshavuka hayo, alisema, huku mtu ni mtu.

Pindo akamwacha amalize. "Dada, mbona siku hizi kwenye picha za kazini huna mtandio?"

Dada akacheka. Kicheko kikachukua muda kuisha. Alieleza kwamba anakaa mapokezi, na bosi wake, mtu mwema kabisa, alimwomba tu kwa upole, kwa sababu wateja wengine wanakosa raha. Na mwenzake wa zamu, dada wa Kikristo, naye aliombwa aingize cheni yake ndani ya blauzi. Hawakugombezwa wala kuonewa. "Huku hawakuulizi dini, mdogo wangu," akasema. "Mradi isionekane." Kisha akatazama pembeni, akauliza, "Mama yuko karibu?"

"Yuko."

"Basi usimwambie."

Kule ndani kiti kililia kidogo, kama mtu aliyetaka kusimama akaghairi. Pindo akamwambia dada yake kwamba anampenda, akakata simu.

"Umesikia," akamwambia Spana. "Hapa unaficha msalaba ndani ya fulana. Kule ng'ambo nao watakuambia ufiche, na mimi nifiche wangu mtandio, tukae ndani ya nyumba nzuri tumejificha wote wawili. Huko si kuvuka. Huko ni kuinama."

"Nilifanya kwa ajili yako."

"Ndiyo kinachonitia hofu." Akaikaza sauti kama uzi. "Mimi nilimpenda mtu. Kwa Baba Mdogo yuko mmoja, kwa mama yako yuko mwingine, kwa dada yuko wa tatu, na wote wana sura yako. Siku tukigombana, nitamwita yupi? Siku mtoto akiniuliza baba anaamini nini, nimwambie anaamini anachoamini yule aliyekaa naye karibu?"

Spana akafunika uso kwa mikono yake ya mafuta. Pindo alitamani kumfuta. Alikaa kwenye kiti chake, akashika ukingo wa meza.

"Nenda kawaambie wote watatu ukweli," akasema. "Usiende kwa ajili yangu. Ukiona Uislamu ni wako, wako kabisa, hata mimi nikifa kesho, rudi utanikuta. Ukiona wewe ni Mkristo, uwe Mkristo mbele za watu. Nitakujua. Leo sikujui."

"Na nikiwa Mkristo utaolewa na mimi?"

"Hapana."

Akamtazama kama mtu aliyepigwa. "Umelisema haraka."

"Nimelisema polepole tangu jana. Wewe ndiyo kwanza unalisikia."

Aliondoka akasahau mkoba wake wa vifaa, akarudi kuuchukua, na hapo mlangoni akamtazama Pindo mtazamo ambao angeweza kuishi nao mwaka mzima kama angeruhusiwa. Kisha akaenda. Pindo akafagia vipande vya kanzu, akavifagia tena.

Kilichobaki kigumu kilikuwa Baba Mdogo. Alikuja kabla ya Ijumaa akiwa na habari za viti na wageni, na Pindo alimwacha akae, akampa maji, ndipo akamwambia kwamba hakuna ndoa. Hakutaja uzi mweusi wala joho la bluu. "Nimekataa mimi," akasema.

Sauti ile ya kujaza ukumbi ikajaza chumba. Alitaka kujua uso wake auweke wapi. Msikiti mzima unamngoja kijana, imamu amejiandaa, na binti aliyelia mpaka akakonda sasa anasema hataki, kama anayekataa kitambaa dukani. Je, kijana amesemaje? Ana kosa gani?

"Kosa lake atalisema mwenyewe akipenda. Mimi nasema langu. Baba Mdogo, mtu akitamka shahada ili anipate mimi, siku akinichoka atatamka lingine. Ungependa uwe shahidi wa hilo?"

"Kuna kitu unanificha."

"Kipo. Na kitabaki."

Baba Mdogo akamgeukia shemeji yake ili apate msaada. Mama Pindo alikuwa anatia uzi kwenye sindano, akailenga tundu, akapata. Akasema tu kwamba binti ni mtu mzima na neno lake limesimama. Baba Mdogo alikaa amevimba, akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeshonwa huko. Alipoinuka alikuwa amepungua sauti. "Marehemu kaka yangu naye alikuwa hivi hivi," akasema. "Ukimsukuma, unaumia wewe." Akaenda kuwaambia watu msikitini kwamba hakuna shughuli, na akasema ni yeye aliyeharakisha.

Walipobaki wawili, Pindo akaweka kichwa juu ya meza ya kukatia na hapo ndipo alipolia, kilio cha chinichini cha mtu anayejua wateja wanapita nje. Mama yake akamwacha. Baadaye akamwekea mkono mgongoni.

"Shingo hukuipima," akasema.

Pindo akainua uso. "Uliona?"

"Niliona kabla yako. Mimi nilikuwa upande wa dirisha."

"Ukanyamaza, mama? Na kama ningeolewa?"

"Nisingekubali ufike huko. Mdomo ulikuwa unaniwasha usiku na mchana, mpaka chakula kikanishinda. Lakini nikasema nisubiri kidogo." Akamfuta machozi kwa kiganja kigumu cha fundi. "Nilikuwa nasubiri nione kama nimelea mtu."

Hakusema kama amelea au hakulea. Aliinuka, akaenda kupasha chakula, na kwa mara ya kwanza siku zile akala akamaliza.

Nanyi mnaolea mabinti, msihangaike tu na mchumba anayewakatalia. Mtazameni sana yule anayewakubalia kila kitu. Anayekukatalia unajua mlango wake uko wapi. Huyu mwingine ana milango pande zote, na upepo unapita.

Jumapili ilipofika Pindo alikuwa amefungua dirisha la dukani anafuta vumbi kwenye cherehani. Watu wa kanisani walikuwa wanapita. Akamwona mama Spana kwenye joho la bluu alilomshonea yeye mwenyewe, pindo limetulia. Pembeni yake alikuwa Spana. Alivaa shati jeupe, vifungo vya juu viko wazi, na ule uzi mweusi umetoka nje, na msalaba mdogo wa mti juu ya shati, mbele ya barabara nzima. Walipita mbele ya wazee wa msikitini waliokaa barazani. Akawasalimu. Mmoja akasita, akaitikia. Wengine wakafuata.

Spana akafika dirishani, akasimama. Mama yake akatangulia hatua chache, akageuza uso upande mwingine, kwa hiari.

"Cherehani hakijambo?" Spana akauliza.

"Hakijambo."

"Nimewaambia wote. Mpaka dada yako."

"Ameniambia. Alilia." Pindo akakunja kitambaa cha vumbi. "Na mama yako?"

"Amenipiga kofi, halafu akanipa chakula." Akatabasamu kidogo, tabasamu la kwanza ambalo Pindo alimwona nalo lisilomwomba mtu kitu. "Kikianza kuruka nyuzi tena?"

"Kuna fundi mtaa wa nyuma. Hakufikii wewe."

Wote wawili wakajua hilo ndilo la mwisho. Spana akainamisha kichwa, kama mtu anavyomwinamia aliyemzidi na hasikii aibu, kisha akainyoosha shingo, akaenda kumfuata mama yake.

Pindo alimsindikiza kwa macho. Alikuwa amempenda muda wote ule na hakuwahi kuiona ile shingo ikiwa wazi. Sasa aliiona yote, kuanzia nyweleni hadi mabegani, imesimama, haina deni kwa mtu. Yeye asiyekisia kamwe akaipima kwa jicho, na akajua hajakosea hata nusu inchi.

Alingoja mpaka joho la bluu likakata kona. Kisha akakaa, akavuta kile kitambaa cheupe kilichokosa shingo ili akigeuze nguo nyingine, akaweka mguu juu ya pedali, na cherehani kikaimba.